Mgongo wa Pakiti

Nina duka Isevya: mlango mmoja, rafu nne.
Miaka kumi na mmoja nauza pakiti
bila kuzigeuza.
Uso wake naujua: embe linalocheka,
kuku aliyenona kuliko kuku yeyote wa Tabora,
mtoto wa picha, meno kama chokaa.
Mgongo sikuwahi kuutazama.
Nani humkagua mgongo mgeni anayemletea hela?

Jumanne Kalunde alirudi shule ulimi kijani.
Si kijani cha jani. Kijani cha mlango uliopakwa juzi.
"Utoe tena," nikamwambia. Akautoa, anacheka.
Juisi ya unga, shilingi mia,
kaichota mwenyewe chini ya kaunta yangu.

Usiku umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu,
nikaigeuza ile pakiti.
Maandishi madogo, sisimizi wanaokimbia mvua.
Sukari: hiyo naijua.
Asidi: ya nini kinywani mwa mtoto?
Ladha inayofanana na embe.
Inayofanana!
Na hapa, Desemba ikifika, maembe yanaoza njiani
hata mbuzi wanayasusa.
Kisha herufi moja na tarakimu tatu,
kama mfungwa,
kama kitu ambacho mama yake hakukipa jina.
Nikahesabu vitu kumi na vinne. Embe halimo.

Sijui kama vinadhuru. Mimi si daktari.
Nesi mmoja, mteja wangu wa sabuni, alisema:
kidogo si neno, kila siku ndiyo neno.
"Kwani wewe unawauzia mara ngapi?"
Nikajifanya natafuta chenji.

Jumamosi mama akashuka treni kutoka Usoke,
kikapu kichwani, magoti yakilalamika.
Akatoa nsansa za kunde, nyeusi, zimejikunja kama tumbaku,
matobolwa ya mkungu mzima wa kiangazi,
karanga zingali na udongo wa shamba,
asali ndani ya chupa ya soda,
bawa la nyuki likielea juu yake.

Kalunde akazipindua nsansa huku na huku.
"Bibi, zinaharibika lini? Hazina tarehe."
"Hizi za mwaka jana."
"Zimewekwa nini?"
"Jua."
"Na nini tena?"
"Jua tena. Siku ya pili."

Jioni chungu kikachemka, karanga zikatoa mafuta,
harufu ikavuka ukuta hadi kwa jirani,
naye akakumbuka ghafla kuwa alitaka kurudisha sufuria.
Tukala mikono ikigongana.
Kalunde alilamba sahani, ulimi wake waridi.
Nami nikaanza hotuba moyoni,
hotuba nzuri, ya mtu aliyeongoka,
mpaka nilipoenda jikoni kuchukua maji
nikamkuta mama anafungua pindo la khanga,
anamegua kipande cha kiungo cha mchuzi,
kile cha mraba, cha karatasi inayometameta,
anakivuruga kwenye mboga iliyobaki.

"Mama!"
"Usinitolee macho. Ulimi wangu umezeeka,
bila kusukumwa hauamki."
"Umekitoa wapi?"
"Kwako. Pasaka. Ukanipunguzia hamsini."

Jumatatu nikaweka beseni la matobolwa kwenye kaunta,
ubavuni mwa peremende. Moja shilingi mia, vilevile.
Wakanunua watu watatu:
mwalimu, fundi baiskeli,
na mtoto aliyedhani ni mkate wa kahawa.
Akarudi kuniuliza kama lipo jingine.
Pakiti za embe ziliisha kabla ya adhuhuri.

Leo Alhamisi. Gari la jumla limesimama nje,
injini inanguruma, dereva ana haraka ya Sikonge.
"Bosi, katoni ngapi?"
Mezani kuna daftari la madeni, kodi ya mwezi,
na sare ya shule isiyolipiwa.
Kalunde amekaa juu ya gunia la chumvi,
anatafuna tobolwa polepole, kwa kelele,
ananitazama.

Kalamu ninayo mkononi.
Dereva anapiga honi.