Bokoboko Apanda Jabali

Mwanangu Mundhir alipokwenda kusoma Malaysia
aliniachia baiskeli, deni la simu,
na mbwa.
Miaka miwili namlisha kwa upawa wa mpini mrefu,
namsemesha kutoka kizingitini,
nguo nimeikusanya magotini
kama mtu anayevuka dimbwi.

Jina lake Bokoboko. Rangi yake ndiyo hiyo,
ngano iliyopondwa, samli juu.
Kiarabu hakijui. Majirani wa Maabila wakimwita
hutazama kwingine, kama mgeni wa heshima
aliyekosewa jina.
Ukimwambia "njoo," huja. "Kaa," hukaa.
"Toka hapo, balaa wewe": hilo kajifunza kwangu.

Agosti hewa ya Maskati ikawa supu.
Akahamia kwenye vigae vya bafu la uani,
ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka
kama mivukuto ya mhunzi.
Daktari wa mifugo, kijana wa Kisudani, akaandika:
umri, moyo, joto. Akasema, mpandishe juu.
Mundhir akatuma ujumbe wa sauti, sekunde nane.
"Mama. Tafadhali."
Mbili za maneno, sita za pumzi.

Prado ni la kaka yangu Hamdun. Katandika viti
nailoni, juu ya nailoni mkeka, juu ya mkeka gazeti,
na bado alisimama getini
kama anayeaga jeneza.
Bidbid. Izki. Kipimo cha gari kinasema arubaini na sita.

Birkat al-Mauz, kizuizi. Askari akainama
kuhakikisha magurudumu yote manne yanavuta,
alipoinuka akakutana na masikio.
"Wa mawindo, khalti?"
"Anawinda kivuli tu."
Akacheka, akapiga bati: piteni.

Barabara ikasimama wima. Sitii chumvi,
mbele yangu palikuwa na boneti na mbingu, basi.
Arubaini na moja. Thelathini na sita.
Masikio yakaniziba, nikameza mate;
yeye akapiga miayo. Kila mtu na dawa yake.
Kwenye kona ya sita bonde likafunguka kushoto
kama kanzu iliyofumuka mshono,
akaanza kulia. Si kubweka. Kulia,
sauti nyembamba ya mtoto aliyeamshwa kwa sindano.
Nikasoma Ayatul Kursiy, kwa ajili yangu.
Akapenya kati ya viti, akanilaza kichwa pajani,
gazeti na mkeka na nailoni vimebaki nyuma,
na mkono wangu wa kulia, huu wa kulia wali,
ukashuka wenyewe
ukamshika shingo.

Sikujua kuwa ana moto kiasi hicho.
Sikujua kuwa ana kovu nyuma ya sikio
la ukubwa wa punje ya mchele.

Saiq. Ishirini na saba.
Bi Rayya, aliyetukodishia chumba nyuma ya mikomamanga,
akautazama mkono wangu wenye manyoya,
akaingia ndani, akarudi na ndoo
na bonge la udongo mwekundu. Hakusema neno.
Nikachota falajini. Moja, kwa udongo.
Mbili. Tatu. Maji yale yanang'ata.
Kufika saba vidole havikuwa vyangu tena.
Bokoboko amekaa chini ya mkomamanga ananihesabia,
mdomo kaufunga.
Tangu Juni sijamwona na mdomo uliofungwa.

Usiku nikajifunika mablanketi mawili.
Mtandao ulikuwa mstari mmoja, unakuja na kwenda.
Nikatoka uani, nikamwekea simu puani,
tukamtumia Mundhir sekunde thelathini
za pumzi ndefu, isiyo na haraka.

Alfajiri nikamgongea Bi Rayya,
nikamwomba udongo mwingine.
"Umemshika tena?"
"Bado," nikasema.