Tumbo Hili Halikandwi

Keti, Mbelwa. Benchi hili lina msumari upande wa kulia,
ulinichania magauni mawili kabla sijaujua.
Zaituni, mpakate mtoto, asilalie tumbo.
Hivyo.

Mimi si daktari. Nashona sare za shule, Barabara ya Kumi na Nne,
na kila Jumanne nafunga cherehani nakuja hapa Bombo,
kwa kuwa Sista Theodosia alinipigia simu siku moja:
njoo, kuna wazazi wanaitazama karatasi
kama watu waliopokea barua ya kesi.

Ileteni hiyo karatasi.
Jina ni refu, tulikate kama kitambaa:
ne, fro, bla, sto, ma.
Tena. Mbelwa, na wewe.
Usiseme "ule ugonjwa."
"Ule ugonjwa" hauna mlango wa kubisha hodi.
Chenye jina huulizwa habari zake.

Ni uvimbe, umeota kwenye figo la kushoto.
Ni saratani, ndiyo, neno ndilo hilo,
ya watoto wadogo, na ni adimu.
Yule nesi wa zahanati kule kwenu Pongwe
aliyewapa dawa ya minyoo, msimlaani:
matumbo yote aliyowahi kuyaona yamejaa
yalikuwa ya minyoo.

Sasa shikeni hili, hata mengine yakipotea:
tumbo hili halikandwi.
Si kwa mafuta ya nazi, si kwa maji ya moto,
si kwa dua inayobonyeza.
Dua isomwe, isomwe sana, mkono ukiwa kichwani.

Naona umetazama mlango, Zaituni.
Bibi yake yuko nje, na chupa ya mafuta ndani ya kanga.
Mwite.

Shikamoo, Bi Mwanaasha. Ulimkanda mara ngapi?
Siku saba.
Siku saba za mapenzi, mama, nani angekwambia?
Leo umeambiwa.
Kuanzia leo mikono hiyo imshike nyayo.
Nyayo anapenda, tazama, ameanza kucheka.

Mbelwa, wewe fundi baiskeli, najua unachokitafuta
tangu ulipoingia: spoki iliyokatika,
nani alipita nayo kwenye mawe,
nani hakukaza nati.
Hakuna.
Si maziwa, si mimba, si husuda ya jirani,
si siku ile Kidawa alipoteleza kwenye keria ukamdaka kwa mkono mmoja.
Wala haiambukizi. Ndugu zake wale naye sinia moja.

Basi la kwanza linatoka Kange alfajiri.
Huko Dar watampima upya, watamtundikia dawa ya mshipa,
watampasua, watalitoa figo.
Mtu huishi na figo moja, akaenda shule, akavunja vikombe.
Nywele zitadondoka. Msizifagie mbele yake.

Chukueni daftari hili.
Kurasa za mwanzo nimezichana, zilikuwa viuno vya watu.
Andikeni: Imefika wapi? Mapafu mmeyapiga picha?
Homa ikipanda usiku, tukimbilie nani?
Sisi tutalala wapi?
Wakijibu Kiingereza, semeni: kwa Kiswahili, daktari,
na polepole.

Mna swali jingine.
Wote wakifika hapa hutazama chini.

Wangu aliitwa Jumbe. Alikuwa na miaka minne.
Nilimkanda miezi mitano, kwa mafuta mazuri,
nikimsifu kwa watu kwamba ameshiba.
Nilipolisikia jina
daktari alilitaja mara moja tu, akiwa amesimama,
nikatoka nalo nje likanidondoka kwenye ngazi.

Siwaahidi kitu. Sina cha kuahidi.
Ila mimi nilikuja mwezi wa sita,
nyinyi mmekuja wiki ya tatu,
na mtoto anacheka akiguswa nyayo.

Haya, Zaituni.
Mara moja zaidi, bila karatasi.