Maziwa ya Ijumaa

Vumbi jekundu la Dodoma halina kinyongo.
Linakupanda njiani, linakaa kwenye kope na kwenye chai,
ukipiga chafya mbili limekwenda zake.
Hili jeupe la Ntyuka halina haraka.
Halinuki, halichomi,
linaingia kama mgeni anayevua viatu mlangoni
na hukumbuki kumwona akitoka.

Miaka kumi na mmoja nimekata mawe:
ngazi, vizingiti, meza za jikoni za watu
waliohamia na makao makuu.
Msumeno ukilia, jua linageuka rangi ya uji,
Chedego wa mashine ya pili simwoni, namsikia tu akikohoa,
nami namjibu kwa kukohoa.
Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Jiwe hukatwa kwa maji. Kila fundi anajua.
Maji hulishika vumbi likawa tope, tope likalala chini.
Lakini maji ya boza yana bei,
na bosi alikuwa na hesabu zake:
"Dodoma hii, Ndahani, watu hawajanywa,
wewe unataka jiwe linywe?"
Tukacheka. Kweli tulicheka.
Badala yake akatupa maziwa,
pakiti moja kila Ijumaa, yakasafishe kifua.
Nilikunywa nusu. Nusu nikampelekea Matika.

Matika ndiye aliyekung'uta ovaroli.
Kila jioni, uani, kwenye nguzo ya banda la mbuzi,
pa! pa!
wingu likimpanda hadi kwenye kilemba
huku akiniuliza habari za kazi,
mdomo wazi.

Kikohozi chake kilianza Julai, upepo ukipasua midomo.
Tukasema baridi. Tukasema moshi wa kuni.
Zahanati wakasema kifua kikuu:
vikopo vitatu vya makohozi, vyote safi,
bado akameza vidonge miezi sita,
mkojo ukawa mwekundu,
kikohozi kikabaki palepale.

Hospitali kubwa, daktari kijana akampa mrija.
"Puliza, mama. Puliza, puliza, puliza, usiache."
Huyu ni Matika, ambaye Jumapili akipiga kigelegele
mchungaji alisubiri kiishe ndipo aendelee na neno.
Alipuliza.
Mstari kwenye karatasi ukainuka kidogo, ukajilaza.

Akaniita dirishani, akainua picha kwenye mwanga.
Nikaona uwele umemwagwa gizani.
"Mama amewahi kufanya kazi ya mawe?"
Hapana, daktari. Analima karanga.
"Nguo zako anafua nani?"

Mimi ni mtu wa maneno, waulize Ntyuka nzima.
Siku ile niliuliza habari ya maziwa.
Akajibu polepole, kama anayesema na mtoto:
maziwa yana njia yake, baba,
pumzi ina yake.

Akaniambia niache kazi. Aliandika na kwenye karatasi.
Karatasi ninayo, imo ndani ya Biblia,
pamoja na risiti za ada ya Mbeleje.

Tuliandika barua, watu tisa, kudai maji.
Chedego hakutia sahihi. Chedego tulimzika Machi.
Siku hizi boza linakuja Jumatatu na Alhamisi;
siku nyingine tunakata hivyohivyo,
vitambaa puani.
Ovaroli naivua hukohuko, nailowesha ndooni,
maji yanageuka meupe, na ukitazama haraka
utadhani ni ile pakiti ya Ijumaa.

Usiku nikibanwa natoka nje,
nakohoa nikiwa nimeinama katikati ya mbuzi,
asisikie.
Nikirudi namkuta ameketi, mito mitatu mgongoni,
macho hayana usingizi.
"Mbuzi wako,"
anavuta,
"mbuzi wako, Ndahani,"
anavuta tena,
"wana kikohozi
kibaya."