Luku Moja, Vyumba Vinne

Fani yangu kuu ni uhasibu.
Utatuzi wa migogoro nimeubandika pembeni,
yuniti tisa za kuchagua,
nazo nazisoma mtandaoni
kwa yuniti nyingine, za Luku,
chumba cha tatu, Mabatini,
nyumba iliyoegemea jabali
kama mlevi aliyeegemea shemeji.

Kuta zetu hazifiki paa.
Mama Nkwimba akikohoa, nasema pole.
Lugiko akihesabu hela, najua kiasi.
Na mwalimu wangu, sauti ikikatika-katika
kutoka chuo ambacho sijawahi kukanyaga,
huruka kuta zote:
"Tofautisheni dai na haja.
Dai ndilo linalotamkwa.
Haja imelala chini yake."
Naandika. Napigia mstari.

Giza.

Chumba cha kwanza hadi cha nne, giza,
na friji la Mama Nkwimba likashusha pumzi
na barafu zake zote za ubuyu tumboni.

"Nani kamaliza umeme? Juzi tu nimetia elfu tano!"
"Friji lako, mama, halilali."
"Na pasi yako, Lugiko? Unanyoosha shati au unanyoosha reli?"
Tungaraza, mlinzi, siku yake ya mapumziko,
akatoka na shuka begani:
"Mimi nina taa moja, na usiku sipo.
Nachangia sawa na friji. Kwa nini?"

Swali zuri. Lilikuwa kwenye wiki ya nne.
Nikawasha tochi ya simu,
nikawaketisha kwenye ngazi za mawe,
nikasema kama nilivyofundishwa:
kila mtu aseme, asikatizwe,
aseme "mimi naumia", asiseme "wewe unaniumiza".
Wakaketi! Sikuamini.
Upepo ulipanda na harufu ya dagaa wa Mwaloni,
na kule ziwani taa za wavuvi zilitapakaa,
mtaa mzima juu ya maji
ambao haudaiwi na mtu.

Lugiko akasema.
Mama Nkwimba akasema, akakatiza, akaomba radhi.
Mimi nikaitikia kwa kichwa, taratibu,
kichwa cha mtu mwenye cheti.

Ila ukurasa wa kumi na tisa unasema
msuluhishi asiwe na maslahi katika shauri.
Na mimi chini ya kitanda, nyuma ya ndoo,
nina jagi la umeme, wati elfu mbili na mia mbili.
Linanichemshia maji ya kuoga alfajiri
na chai ya saa nane usiku, wakati wa kukesha.
Mhasibu ndani yangu alishapiga hesabu tangu Machi.
Yule wa pembeni alinyamaza.

Nikazima tochi.
"Kuna jagi," nikasema.

Hakuna aliyeshtuka.
Mama Nkwimba akajikuna kisigino, nikausikia ukucha.
"Tunalisikia likichemka, Ng'wasi.
Linalia kama treni ya Tabora.
Tulikuwa tunangoja ufike kwenye somo hilo."

"Somo gani?"

"Sijui mnaliitaje. La kusema."
Kisha, kwa sauti ya mwalimu, na kukatika-katika kwake:
"Dai langu mimi ni umeme.
Haja yangu ni barafu hizi zifike asubuhi ngumu.
Nimekosea?"

Hakukosea. Kwenye jaribio la kwanza
mimi nilizichanganya, nikapata kumi na moja kwa ishirini.

Elfu mbili za Lugiko, tatu zangu, na aibu yangu juu yake.
Tungaraza hakutoa kitu. Alirudia tu,
taa moja, usiku sipo,
na hakuna aliyekuwa na jibu lake,
si mimi, si wiki ya nne.
Mtandao wa malipo ukagoma.
Tukakaa.

Barafu za juu zilikuwa zimeanza kulegea,
Mama Nkwimba akatugawia moja moja,
tukazinyonya gizani, midomo myekundu isiyoonekana.
Nikafungua daftari upande wa uhasibu,
nikaandika kwa kupapasa:
barafu, nne.
Nani atazilipa, hatujakubaliana.