Tundu Tatu

Ruhusa ilichukua miezi kumi na minne.
Walitaka kipenyo, kina, aina ya gundi,
picha za sakafu asubuhi na jioni,
na ahadi kwa maandishi: siku wakighairi
kila kitu kitang'oka, jiwe libaki jiwe.
Nikatia sahihi. Mkono wangu ulishazoea
fomu zinazouliza nitaondoka lini.

Basi Skipton, Februari, kanisani baridi kuliko nje.
Vidato vitatu kuelekea madhabahuni,
vimeliwa katikati na nyayo,
vimebonyea kama godoro la mgonjwa.
Kieran alishika mpira wa maji, mimi keekee
yenye meno ya almasi. Nikasema bismillahi kimoyomoyo
(nyumba ina wenyewe, lakini jiwe ni la aliyeliumba)
nikazama milimita moja, mbili,
tope la kijivu likichuruzika
mpaka kwenye jina la marehemu aliyelazwa hapo,
Josias fulani, mfanyabiashara wa sufu.
Nikalifuta kwa mkono wa koti.
Uniwie radhi, mzee. Bado mawili.

Kiini kilitoka kizima, duara, mfano wa kashata.
Vikatoka vyote vitatu. Sikuruhusiwa kuvitupa.
Bwana Ibbotson, mtunza funguo,
alivipanga kwenye kopo la biskuti
na kuviandika kwa penseli:
CHINI. KATI. JUU.
Vimo kabatini, chini ya majoho,
vinangoja sakafu iwaite.

Halafu vikombe vya shaba, gundi, timazi.
Nguzo inaingia, unaizungusha robo, inang'ata.
Robo nyuma, unainua, imetoka:
harusi ipite na gauni lake,
jeneza lipite na wabebaji sita.
Kifuniko juu ya tundu, hutajua kulikuwa na kitu.
Nilimfundisha Ibbotson mara nne.
Mara ya tano alinifundisha yeye.

Fedha zilitosha upande mmoja tu.
Walibishana chai mbili nzima, wakapiga kura: kulia.
Hakuna aliyeuliza,
wala mimi sikuuliza, na fundi ni mimi,
kwamba kulia kwa kupanda
ni kushoto kwa kushuka.

Jumapili niliyokuja kukagua nilisimama nyuma,
kofia mkononi, karibu na rafu ya vitabu vya nyimbo.
Bi Winifred Garside, miaka themanini na tisa,
ambaye upande wake wa kushoto umemtangulia kufa,
alipanda amekamata chuma changu
kama anayekamata sikio la mtoto mtukutu.
Akapokea alichokwenda kupokea.
Ndipo wote tukaiona hesabu yetu:
mkono mzima ulikuwa upande usio na kitu.
Mchungaji akanyoosha wake. Bibi akaukataa kwa kidevu.

Hakugeuka.
Alishuka kinyumenyume, uso kwa madhabahu,
kama watu wanavyotoka mbele ya mfalme,
kiatu kikipapasa kidato,
kikikosa, kikipapasa tena, kikitulia.
Kinanda kiliishiwa na muziki, kikarudia ukurasa.
Hakuna aliyekohoa.

Alipofika chini aliiachia reli,
akanusa kiganja chake.
"Sarafu," alisema, si kwa mtu yeyote,
akaenda zake kukaa.

Mimi nilikuwa nimesikia kitu kingine.
Uzito wake ulipopita nguzo ya kati,
shaba ililia kidogo sana,
kama jino lililoanza kucheza.
Nitarudi Jumanne na ufunguo namba kumi.