Mvunguni

Bahasha ya kaki iko juu ya friji, siku ya ishirini na sita leo.
Gwilym aliiweka huko nilipomwambia aiondoe machoni pangu.
Wamenipa mwezi mmoja wa kupinga.
Alhamisi mwezi unakatika.

Barua nimeikariri.
Kupika, pointi mbili. Kuoga, mbili. Kuvaa, mbili. Choo, mbili.
Jumla nane, na nane ndiyo kizingiti chenyewe:
nimesimama juu yake kwa ncha za vidole.
Kutembea, sifuri.
"Mteja alitoka kwenye maegesho hadi mlangoni bila msaada.
Alikuwa nadhifu. Alitabasamu."

Nilitabasamu, ndiyo. Nimelelewa hivyo.
Miaka kumi na tisa nimewapakulia watoto wa shule viazi
huku nikitabasamu, mgongo ukisagika taratibu
kama mawe ya vigae yanayomomonyoka nyuma ya nyumba hii.
Lakini hakuzihesabu nguzo za taa.
Nilisimama kwenye tatu. Kwenye ya pili
nikajifanya nasoma tangazo la mbwa aliyepotea.
Jina lake Sioncyn, sikio moja jeupe.
Nililisoma mara nne.

Heulwen wa nyumba ya pili anasema: pinga!
Wanategemea tuchoke, Eirwen, uchovu wetu ndio akiba yao.
Anasema hivyo akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.
Aled, binamu yangu kule Bangor, alipinga.
Faili likafunguliwa upya, lote, si pale palipomuuma tu,
na kile kidogo alichokuwa nacho kikaenda.
Gwilym namuuliza, anamenya karoti.
"Mgongo ni wako," anasema, kisha, baadaye sana,
"mimi nitakupeleka popote."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na mimi kuinama ndiko hasa kulikonishinda.

Tena si pesa peke yake.
Ili nishinde, lazima nishindwe kwa maandishi:
niandike siku yangu mbaya kuliko zote, kwa tarehe,
niandike nani hunivua soksi,
niandike ile Jumanne ya Februari bafuni
ambayo hata Ifor, mwanangu, hakuambiwa,
nimkabidhi mtu nisiyemjua, aisome akila mkate wake,
aweke alama.
Na nikinyamaza? Basi sifuri ile itakuwa yangu,
nimeikubali, nimeitilia saini kwa kimya.

Saa nane usiku. Mvua, kama kawaida ya hapa.
Nimeshuka ngazi kwa makalio, kumi na nne,
nikipumzika kwenye ya tano na ya kumi.
Nikachukua ufagio nikaipiga bahasha.
Ikaanguka, ikateleza,
ikaingia mvunguni mwa kabati.

Nilicheka. Peke yangu jikoni, gizani, nilicheka
mpaka ikanibidi nishike sinki.

Sikuinama.
Niligeuza ufagio, nikachokoa kwa mpini,
likatoka vumbi, kikatoka kijiko cha Ifor cha utotoni,
ikatoka pea moja ya betri, ndipo bahasha.
Nikaivuta hadi kwenye kiti, nikaibana kati ya nyayo,
nikaipandisha polepole kama mtu anayeteka maji
kwenye kisima kirefu kwa kamba iliyochakaa.

Birika nililijaza nusu. Likijaa silinyanyui.
(Hilo nalo sikumwambia yule wa tathmini.
Hakuuliza maji kiasi gani.)

Nyuma ya barua pana nafasi nyeupe.
Nimetazama saa ya ukutani, nimeandika:
Kutoka kitandani hadi mezani, dakika thelathini na moja.
Nikakata "thelathini na moja" kwa kuona inatia aibu.
Nikairudisha.

Sijui bado kama nitaituma.
Chai inapoa. Ninaandika jina la mbwa.