Kisima cha Nichita

Kabla sijafungua mkoba wa vipimo
Agripina ananinywesha.
Ndivyo ilivyo Moldova, huku mashambani:
mgeni haulizwi kama ana kiu.
Kikombe cha bati, mnyororo mfupi.
Nikanywa. Baridi ya kuuma meno,
tamu, maji maangavu hata nikahesabu
madoa ya kutu kitakoni mwa kikombe.

Trofim, mumewe, ndiye aliyechimba,
mwaka walioletewa mwana wao
ndani ya sanduku la zinki, marufuku kulifungua.
Mita kumi na moja, kwa sururu na hasira.
Akaezeka kijipaa, akakipaka buluu,
akachonga jina: NICHITA.
Kila anywaye hapa, wasema,
humfikishia marehemu tone.

Nachovya karatasi. Sekunde sitini.
Agripina ananisimulia bei ya alizeti.
Karatasi inaona haya: waridi kwanza,
kisha zambarau, zambarau ya zabibu za Oktoba.

Nainua macho mlimani.
Zizi. Lundo la samadi. Choo cha jirani.
Shamba lililovimbiwa mbolea.
Na mvua, mwaka nenda mwaka rudi,
ikiteremka na vyote hivyo polepole
kulielekea jina lile.

"Nitayachemsha."
Hapana, mama. Moto huua chenye uhai.
Hiki hakina roho ya kutoka;
maji yakipungua sufuriani
chenyewe kinabaki, kinakolea.
"Miaka thelathini na minane nayanywa.
Nitazame. Nimekufa?"

Ndani mtoto analia, kilio chembamba.
Kitukuu, Ilinca, wiki ya saba:
maziwa ya unga, chupa, maji ya hapa.
Baridi tu, wamesema,
wakamvisha soksi za sufu,
kwa kuwa midomo yake na kucha zake
zimeshika rangi ya lile paa.

Agripina anatazama paa.
Anatazama dirisha.
Hakupiga yowe. Alimwita mjukuu wake
amfunge mtoto blanketi, upesi, gari lipo,
kisha akanigeukia, sauti chini:
"Na Nichita je?
Miaka yote hii nimekuwa nikimpelekea nini?"

Sina karatasi ya kupima hilo.
Mkononi kikombe kina maji nusu
na sijui niyamwage wapi,
maana popote nitakapoyamwaga
yanajua njia ya kurudi.